Datsun ya Babu, Nissan ya Mjukuu: Lugha Iliyoachwa Nje ya Boneti

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Wahenga wao hao, wakichelea kwamba vijana wangeichukua methali hiyo na kukimbia nayo, waliongeza kuwa mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Baina ya methali hizi mbili ndipo unapozuka ubishi usiokwisha wa wapenzi wa magari ya michezo: je, gari hasa ni la zamani au la kisasa? Nchini Kenya ubishi huu hupamba moto kila Safari Rally inapokaribia, hususan tangu mashindano hayo yarejeshwe katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kuwekwa kando tangu mwaka 2002. Kuna wanaobisha kwa tarakimu, na kuna wanaobisha kwa kumbukumbu za utotoni. Makala haya yanashikilia kwamba makundi yote mawili yanapima kwa mizani isiyofaa, na kwamba kuna kitu kimepotea njiani ambacho hakuna kundi linalokitaja.

Ili mjadala usielee hewani, yafaa kuteua magari mawili ya ukoo mmoja. La kwanza ni Datsun 240Z, lililozinduliwa na kampuni ya Nissan ya Japani mwaka 1969. La pili ni Nissan Z, lililoonyeshwa ulimwengu mwezi Agosti 2021 na kuanza kuuzwa mwaka 2022. La kwanza ni babu, la pili ni mjukuu. Yote mawili yana viti viwili, boneti ndefu na injini iliyo mbele, huku nguvu zikipelekwa kwenye magurudumu ya nyuma. Waliolibuni la pili hawakuficha walikochota: mteremko wa paa, mkato wa taa za mbele na hata zile saa tatu za kupimia zilizopangwa juu ya dashibodi vinamkumbusha mtazamaji yule babu.

Babu huyo si mgeni katika ardhi ya Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller walishinda East African Safari wakiwa ndani ya 240Z jekundu lenye boneti nyeusi, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z jingine lililoendeshwa na Shekhar Mehta. Mwaka 1972 ushindi ulimwendea Hannu Mikkola wa Finland katika Ford Escort, lakini mwaka 1973 Datsun ilirudi. Mehta alifika mwisho akiwa na alama sawa na Harry Källström, naye pia akiwa katika Datsun ya aina nyingine, na ikabidi ushindi uamuliwe kwa kuangalia ni nani aliyekwenda umbali mrefu zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mehta akatawazwa. Ushindi huo ulikuwa wa kwanza kati ya mitano aliyoipata katika mashindano hayo. Minne iliyobaki aliinyakua mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Sasa na waje wenye tarakimu. Injini ya 240Z ina ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na nguvu za farasi zipatazo 150 kwa vipimo vya wakati ule. Uzito wake unazidi kidogo tu kilo 1,000. Nissan Z ina injini ya lita 3, silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, turbo mbili na nguvu za farasi 400, ingawa uzito wake umefika kilo 1,600 hivi. Babu alihitaji takriban sekunde nane kutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 96 kwa saa; mjukuu anahitaji kama nusu ya muda huo. Babu alikuwa na breki za diski mbele na za ngoma nyuma, na mguu wa dereva peke yake ndio ulioamua kama magurudumu yangekwama au la. Mjukuu ana breki zinazozuia magurudumu yasikwame, mfumo unaolirudisha gari njiani linapoanza kuteleza, na mifuko ya hewa inayofumuka kabla kichwa cha dereva hakijaupiga usukani.

Katika mizani hii mshindi hana shaka, na ni unafiki kujifanya kwamba ana shaka. Mtu anayesema kwamba magari ya kale yalikuwa bora kwa kila hali amesahau kutu iliyoyala mabati ya 240Z, na amesahau madereva ambao leo wangekuwa hai lau magari yao yangekuwa na vifaa vinavyopatikana sasa katika gari la kawaida. Isitoshe, injini ya kisasa huyachoma mafuta yake kwa ukamilifu zaidi, na moshi wake ni mwepesi zaidi kwa mapafu ya wapita njia. Kwa usalama, kwa kasi na kwa usafi, mjukuu amemshinda babu.

Hata hivyo, gari ni zaidi ya jumla ya vipimo vyake. Gari ni chombo baina ya mtu na maarifa, na swali linalostahili kuulizwa ni hili: kila gari humruhusu mwenyeji wake ajue nini?

Boneti ya 240Z ikifunguliwa, mambo yote yako peupe. Kando ya injini zimekaa kabureta mbili. Pistoni inapovuta hewa, hewa hiyo hupita katika koo jembamba la kabureta, ikaongeza mwendo na kupunguza shinikizo, na petroli ikanyonywa kupitia tundu lenye sindano inayopanda na kushuka kadiri hewa inavyozidi au kupungua. Mafuta yakiwa mengi mno au machache mno, fundi huzungusha kiungo kidogo kilicho chini ya kabureta na kusikiliza. Akitaka uthibitisho, hufungua plagi na kuisoma kama barua. Plagi ikiwa nyeusi kwa masizi, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi. Ikiwa na rangi ya kahawia, mambo ni shwari. Hakuna cheti kinachohitajika ili mtu aione rangi ya plagi. Kinachohitajika ni jicho, subira na mtu wa kumwonyesha mara ya kwanza.

Boneti ya Nissan Z ikifunguliwa, kinachoonekana kwanza ni kifuniko cha plastiki. Chini yake petroli hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, na kiasi chake huamuliwa na kompyuta inayopokea habari kutoka kwa vihisi vingi vilivyofichwa huku na huko. Dereva anapokanyaga kichapuzi hatoi amri tena. Anatoa ombi, na kompyuta ndiyo inayokubali. Hata usukani husaidiwa na mota ya umeme. La kustaajabisha zaidi ni sauti. Nissan Z lililowekewa vipaza sauti vya daraja la juu lina mfumo unaoukoleza mngurumo wa injini kupitia vipaza sauti vivyo hivyo vinavyochezesha muziki. Fundi wa kale alilitambua gonjwa la gari kwa sikio lake. Fundi wa leo akitega sikio ndani ya gari hili, hana budi kujiuliza kwanza kama anachokisikia ni injini au ni spika.

Tofauti hii ilidhihirika katika Safari yenyewe. Katika enzi za 240Z, mashindano hayo yalikuwa ya zaidi ya kilomita 5,000, na yalipita katika barabara za umma ambazo hazikufungwa. Magari yalikatiza vijijini na sokoni, yakikutana na matatu, mikokoteni na mifugo. Yalipoharibika, yalitengenezwa kando ya njia, mbele ya macho ya watoto na wazee waliokuja kutazama. Mtazamaji aliiona springi iliyovunjika ikitolewa na nyingine ikitiwa. Siku hizi mashindano yamekita Naivasha na viunga vyake, hatua za kushindania kati ya 2021 na 2025 hazikufika kilomita 400, na barabara zake hufungwa, jambo la busara kwa usalama wa watu. Watengenezaji nao wamewekwa katika eneo maalumu lenye uzio. Mtazamaji huliona vumbi na kuusikia mlio, kisha gari limekwenda. Maarifa yaliyokuwa yakimwagika barabarani sasa yamezungushiwa ua.

Hapa ndipo suala hili linapowagusa wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Lugha hupata maneno mahali ambapo mikono imefika. Kiswahili kilipolipokea gari, hakikusubiri kamati. Neno gari lenyewe lilitoka Bara Hindi. Neno usukani lilichukuliwa kutoka baharini, kwa kuwa manahodha wa majahazi walikuwa wameshika usukani karne nyingi kabla ya dereva wa kwanza kufika Mombasa. Kutokana na Kiingereza yakaja breki, gia, klachi, plagi, pistoni, gasketi, rejeta na kabureta, yakavuliwa matamshi ya kigeni na kuvishwa irabu za hapa nyumbani. Bisibisi nayo ikapata jina lake. Fauka ya hayo, mafundi walilipa gari mwili wa binadamu: gari hukohoa, huchemka, hula mafuta, hukataa kuamka asubuhi. Jina la kampuni nalo halikusazwa. Kwa miaka mingi katika miji ya Kenya, mtu aliposema amepanda nissan, hakuna aliyedhani amepanda gari la michezo. Alimaanisha matatu ya abiria 14.

Msamiati huu haukutungwa katika kumbi za vyuo vikuu. Ulitungwa katika gereji za jua kali, kama zile za Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, na wanagenzi waliujifunza kwa kushikilia tochi huku fundi mkuu akifanya kazi. Mwanagenzi ambaye hakumaliza shule ya msingi aliweza kueleza kwa Kiswahili kamili sababu ya injini kukosa nguvu mlimani, na mwenye gari mwenye shahada mbili akamsikiliza kwa adabu. Hiyo ilikuwa elimu, na lugha yake ya kufundishia ilikuwa Kiswahili.

Je, gari la kisasa linapokohoa hutokea nini? Fundi huchomeka mashine ya kupimia katika tundu lililo chini ya dashibodi, na mashine humwandikia herufi na tarakimu: P0300. Alama hiyo hutumika katika magari ya kampuni nyingi, na maana yake ni kwamba mafuta hayawaki ipasavyo katika silinda moja au zaidi, bila mpangilio maalumu. Kwa maneno mengine, gari linakohoa. Gonjwa ni lile lile alilolijua fundi wa 1971, ila jina lake limehamishwa kutoka kinywani mwa fundi hadi katika orodha iliyoandikwa mbali naye, kwa lugha ambayo pengine hakuisoma vya kutosha. Mashine haimwambii kama tatizo ni plagi, ni kifaa cha kunyunyizia mafuta, au ni waya uliolegea. Fundi aliyekatwa kutoka kwa sababu hana njia ila kubahatisha: hubadilisha spea moja, kisha nyingine, na gharama zote humwangukia mteja. Kinachoitwa uzembe wa mafundi mara nyingi ni matokeo ya maarifa yaliyofungiwa nje ya lugha yao.

Yamkini msomaji atauliza: hayo yanamhusu nini Mkenya wa kawaida, ambaye hatamiliki gari lolote kati ya haya mawili? Swali hili ni la haki. Nissan Z huuzwa Marekani kwa dola 40,000 na zaidi, na babu yake hajabaki nyuma: mnamo Januari 2020 Datsun 240Z moja liliuzwa katika mnada nchini Marekani kwa dola 310,000. Gari lililotengenezwa ili kijana mwenye mshahara wa wastani aweze kulinunua limegeuka kito cha matajiri. Wanaolilia ukale wakumbuke kwamba ukale wenyewe sasa umepandishwa bei. Hata hivyo, gari la michezo ni kioo. Mabadiliko yanayoonekana ndani yake kwa ukubwa yamo pia, kwa udogo, ndani ya magari yaliyotumika yanayoshushwa bandarini Mombasa, yale ambayo mwalimu, muuguzi na mfanyabiashara wa duka huyanunua kwa mkopo. Vihisi ni vile vile, tundu ni lile lile, na P0300 ni ile ile.

Wala tatizo la maarifa kufungiwa si la Afrika peke yake. Katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, wapiga kura waliunga mkono mwaka 2012 sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa magari kuzitoa habari za ukarabati kwa mafundi huru, na mwaka 2020 wakaipanua ili iguse habari zinazotumwa na gari bila waya. Ikiwa fundi wa Marekani, ambaye kitabu cha gari kimeandikwa kwa lugha yake ya nyumbani, amelazimika kudai haki hiyo katika sanduku la kura, basi fundi wa Nairobi, Kisumu au Tanga ana madai maradufu: kwanza apewe habari, pili apewe habari hiyo kwa lugha anayofikiria kwayo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. UNESCO nayo ilitangaza mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai ya kila mwaka ni Siku ya Kiswahili Duniani. Siku hiyo hupambwa kwa hotuba, mashairi na ngoma, na hakuna ubaya katika hayo. Lakini lugha haikui kwa kushangiliwa peke yake. Inakua inapopewa kazi, na kazi iko gerejini ikisubiri.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi ya pekee katika jambo hili. Wanafunzi wa isimu hutumwa nyanjani kila mwaka kukusanya data kuhusu lahaja, misimu na majina ya mahali. Kundi moja likitumwa katika gereji kwa muhula mmoja, litarudi na hazina: majina ya vipuri, majina ya magonjwa ya gari, na mbinu ambazo mafundi tayari wanazitumia kuyatafsiri yale ambayo mashine inawaambia. Wanaistilahi watakapokaa kusanifu, waanze na maneno ya watu hawa kabla ya kubuni yao, maana istilahi isiyopita mdomoni mwa fundi huishia kabatini. Vyuo vya ufundi navyo, vinavyofundisha na kutahini hasa kwa Kiingereza, vingeweza kuanza na jambo dogo: kitabu kimoja cha mkononi cha alama za hitilafu, kilichoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, chenye kueleza kila alama ina sababu zipi na uchunguzi uanzie wapi. P0300: gari linakohoa, anza kwa kuzitazama plagi.

Hukumu ya ubishi ule wa mwanzo basi ni hii. Nissan Z ni gari bora kuliko Datsun 240Z, na anayekataa hilo anaoneshwa njia na moyo wake wala si macho yake. Lakini 240Z lilikuwa mwalimu bora, kwa sababu lilikubali kufunguliwa, kuguswa na kuitwa majina. Hakuna haja ya kuurudisha mwaka 1971, wala hakuna awezaye kuurudisha. Kinachowezekana ni kumfanya mjukuu naye afundishe, na hilo halitafanywa na Wajapani. Chombo cha kuzama hakina usukani, walisema mabaharia wa pwani. Neno usukani walilitoa wao, likahama kutoka baharini hadi barabarani bila kupoteza maana yake. Safari iliyobaki ni ya kulifikisha neno lijalo chini ya kile kifuniko cha plastiki.